Fundi, darasa la watoto 42 linahitaji wati ngapi?

Fundi, salamu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nafundisha lugha, na kwa kuwa siku moja niliropoka mbele ya wenzangu kwamba najua kucharaza gitaa, nikaongezewa na muziki. Nina madarasa manne, na kubwa kuliko yote lina watoto 42. Chumba cha muziki hatuna. Mimi ndiye ninayehama: gitaa mgongoni, madaftari mkononi, kengele inalia nikiwa bado njiani.

Shida ni kwamba gitaa halifiki nyuma. Walio mbele wanaimba nami, walio nyuma wanaimba wimbo huohuo kwa sauti nyingine na mwendo mwingine. Nikizidisha nguvu, nyuzi zinakwaruza na kucha zinakatika. Ikifika mwisho wa wiki koo langu limekauka, nanong'ona hata nyumbani.

Mwalimu mkuu amekubali shule inunue amplifaya ndogo, moja tu, na amesema wazi kwamba mwaka huu hataki kusikia ombi la pili. Tangu hapo usingizi umenipaa. Mwenzangu mmoja anasema chochote chini ya wati 20 ni cha kuchezea watoto. Mwingine, kijana, anasema nisitumie fedha za shule bure. Anayo spika ya Bluetooth ataniazima, nitafute tu namna ya kuunganisha gitaa. Dukani nimeonyeshwa tatu. Ya kwanza inaenea kiganjani, unaining'iniza kwenye mkanda wa suruali. Ya pili ni ya umeme wa ukutani tu, ina spika kubwa na ni nzito. Ya tatu inachajiwa, ina milio ya kila aina na taa za rangi, na unaiendesha kwa simu. Muuzaji anaisifu sana hii ya tatu.

Mambo mengine: katika madarasa mawili soketi iko nyuma kabisa, na katika jingine soketi ipo lakini imekufa. Gitaa langu ni la siku nyingi, la nyuzi za nailoni. Baada ya masomo nina klabu ya watoto sita wenye magitaa mawili ya umeme tuliyopewa kama msaada. Na jirani yangu wa ukuta mmoja anafundisha hisabati. Ameshanigongea ukuta mara mbili, na hapo amplifaya bado haijaja.

Nichukue wati ngapi? Betri au umeme? Na sauti yangu inaweza kupitia humohumo?

Mwalimu Mhamaji


Mwalimu Mhamaji, pole na kazi.

Umeuliza wati, na wati nitakujibu. Ila kwanza lilaze gitaa lako mezani ulikague ubavu wake, chini kabisa, pale panapofungwa mkanda wa begani. Je, kuna tundu la chuma la kuchomeka waya, ambalo penseli ya kawaida ingeweza kuingia ncha? Na ubavu wa juu, ule unaokaribia uso wako ukiwa umelipakata, una kibao chenye vitufe vya volyumu na besi? Kama vipo, gitaa lina mfumo wa umeme ndani na nusu ya safari umeimaliza. Kama havipo, amplifaya yoyote utakayonunua itakaa kimya mpaka gitaa lipate kitu cha kulisikiliza. Nyuzi za nailoni ndiyo habari kubwa ya barua yako, nawe umeipitia juu juu kama mtu anayetaja rangi ya kabati.

Gitaa la umeme lina pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku nao unatikisika, na umeme kidogo unazaliwa kwenye ule waya. Huo umeme ndio amplifaya inaoukuza. (Uniwie radhi kwa lugha hii. Pikapu, jeki, plagi: wapiga gitaa tukiongea utadhani tuko gereji.) Sasa nailoni si chuma, na sumaku haina habari nayo. Hata zile nyuzi zako tatu nene zinazong'aa kama chuma, ndani ni nyuzinyuzi za nailoni na nje zimeviringishiwa waya mwembamba wa shaba, ambayo sumaku haiivuti. Kwa hiyo mtu akikuuzia pikapu ya sumaku ya kupachika kwenye lile tundu kubwa la duara la gitaa, na zipo nyingi, atakuwa amekuuzia kitu kizuri cha gitaa la mtu mwingine.

Unachohitaji kinaitwa piezo. Ni kipande cha kauri au fuwele ambacho kikibanwa au kutikiswa kinatoa umeme. Hiki hakijali uzi ni wa nini, kwa sababu kinasikiliza ubao wa gitaa. Kuna ya kuwekwa chini ya kile kijiti cheupe cha daraja, yaani kibao kinachoshikilia nyuzi juu ya ubao, ambayo inahitaji fundi na kutoboa, na kuna ya kubandika juu ya ubao kwa gundi laini, unaibandua utakapo. Kwa kazi yako, hiyo ya kubandika inatosha. Ibandike karibu na daraja, piga, isogeze sentimita moja, piga tena. Utashangaa sauti inavyobadilika kwa hatua ndogo kiasi hicho. Waya wake ushikize kwenye mwili wa gitaa kwa utepe, mtoto akipita na kuuvuta isije ikang'oka pamoja na rangi.

Piezo ina deko moja. Inataka kuingia kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) milioni 1 na kuendelea. Tundu la gitaa kwenye amplifaya nyingi liko hivyo. Tundu dogo la kuingizia muziki wa simu haliko hivyo. Ukiichomeka huko besi yote inapotea na unabaki na mlio wa bati. Gitaa lenye kibao cha vitufe ubavuni halisumbuliwi sana na hili, kwa kuwa lina kikuzaji chake kidogo ndani kinachotumia betri. Ila betri hiyo kwa kawaida huanza kuliwa pale unapochomeka waya, hata kama hupigi. Kipindi kikiisha, chomoa.

Hapo spika ya Bluetooth ya yule kijana imeshajibiwa nusu. Nusu nyingine ni kuchelewa. Bluetooth ya kawaida inafungasha sauti, inaituma, halafu inaifungua upande wa pili, na kazi hiyo huchukua kama milisekunde 100 hadi 200. Kwa mtu anayesikiliza muziki haina madhara, kwa sababu hajui ulianza lini. Kwa mpigaji ni balaa. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni milisekunde 500. Ukichelewa 150 umekula karibu theluthi ya pigo. Wewe utapiga, sauti itatoka baadaye, watoto wataifuata ile ya baadaye, nawe utawasubiri watoto. Mwishoni mwa ubeti mtakuwa mnatembea kama msafara wa kinyonga. Mshukuru kijana, umrudishie spika yake.

Haya, wati. Yule wa wati 20 anahesabu wati kama mtu anayehesabu watu wa kubeba meza, wawili wakiongezeka kazi inakuwa nyepesi maradufu. Sikio halihesabu hivyo. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti unayoitambua lakini haikushtui. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, unahitaji takribani wati mara kumi. Kwa hiyo kati ya wati 10 na 20 hakuna cha kugombana. Kati ya wati 1 na 10, hapo pana tofauti ya kweli.

Kinachoamua zaidi ni spika: upana wake, uwezo wake wa kugeuza umeme kuwa sauti, na kisanduku ilimofungwa. Wati 5 kwenye spika ya inchi 6 au 8 zitafika mbali na kwa utu kuliko wati 10 zilizobanwa kwenye inchi 3. Mwaka 1948 kampuni ya Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, ilitoa amplifaya ndogo ya wanafunzi, Champion 800, iliyokusudiwa wanaojifunza gitaa la kulazwa mapajani. Spika yake ilikuwa ya inchi 8 na nguvu yake haikufika wati 5. Nayo haikuwa ya kuchezea.

Nadhani dukani tungekuwa wawili ningeziangalia hivi zile tatu zako.

Ya kiganjani naijua vizuri kwa sababu iliwahi kunitia aibu. Niliinunua nikiwa na haraka, nikaijaribu sebuleni usiku, nikaona nimeokota dhahabu. Kesho yake mbele ya watu thelathini nikazungusha volyumu hadi mwisho, kikatoka kitu kama redio ndogo iliyotumbukia ndani ya ndoo. Spika yake ilikuwa pana kama kifuniko cha chupa ya maji, na kila nilipopiga nyuzi sita kwa pamoja ilikoroma. Wapiga gitaa la umeme wanaopenda mkwaruzo wanaweza kuifurahia. Wewe unataka watoto wasikie noti, na noti ikikwaruzwa haijulikani ni ipi. Amplifaya za aina hiyo, kama Marshall MS-2 ya wati 1 na betri moja ya volti 9, nafasi yake ni mfukoni na chumbani.

Ya pili, ya umeme wa ukutani, huenda ndiyo yenye sauti nzuri kuliko zote, na bado ningeiacha. Barua yako imeshaikataa: soketi mbili ziko nyuma na moja imekufa. Utaburuta waya wa kuongezea umeme katikati ya madawati, na watoto 42 wana miguu 84. Uzito nao ni hukumu. Kitu cha kilo 10 utakibeba wiki ya kwanza kwa moyo mmoja. Wiki ya nne utakiacha ofisini.

Ile ya tatu, yenye taa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sitaki kusema ni mbaya, maana nyingi za aina hiyo ni nzuri sana kwa mtu anayejifunza peke yake chumbani, zina milio ya kila namna na nyimbo za kufuatisha. Ila jiulize siku simu imeishiwa chaji utabadilishaje mlio. Zipo ambazo bila simu vitufe vyake vinafanya mambo mawili matatu basi. Halafu Bluetooth yake isipozimwa inaweza kuunganishwa na simu yoyote iliyo karibu. Mimi nimeshashuhudia mwalimu akieleza noti za kodi ya Do (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), mara amplifaya ikaanza kutangaza mpira kutoka simu ya mtu aliyekuwa nje ya dirisha. Darasa halikurudi tena siku ile. Kama utachukua yenye Bluetooth, hakikisha ina kitufe cha kuizima, na muziki wa kusindikiza uingize kwa waya.

Kwa darasa nataka vitufe vinavyozungushwa kwa mkono na kubaki pale ulipoviacha. Siku ya kwanza tafuta mlio unaokufaa, kisha weka nukta ya rangi ya kucha mahali pa kila kitufe. Mtoto akivichezea, na atavichezea, unavirudisha kwa sekunde tano.

Sasa sauti yako. Inawezekana, lakini si kwa amplifaya yoyote. Spika ya gitaa la umeme imetengenezwa makusudi isipande juu sana; ikipita hezi 5,000 hivi, yaani mitikisiko 5,000 kwa sekunde, inanyamaza, na hilo ndilo linalofanya gitaa la umeme lisikwaruze masikio. Milio yetu ya s na f kwa sehemu kubwa inakaa huko juu. Ukisema "sita" kupitia humo, dawati la mwisho watasikia "hita" na kuandika wanachojua wao. Gitaa lako la nailoni nalo linapoteza ule ukucha wake, linakuwa kama limefunikwa blanketi. Kwa hiyo tafuta amplifaya ya gitaa lisilo la umeme, ambazo spika zake zimeundwa kufika juu zaidi, na iwe na njia mbili zinazojitegemea: moja ya gitaa na moja ya maikrofoni, kila moja na volyumu yake. Yenye tundu moja tu itakulazimisha uchague kupiga au kusema.

Maikrofoni iwe ya dainamiki, ile ya kawaida ya waimbaji, kwa sababu haidai umeme wa kuiendesha. Za kondensa zinahitaji volti 48 kutoka kwenye mashine, na amplifaya ndogo za betri kwa kawaida hazitoi. Utahitaji kistendi, mikono yako ina kazi. Najua hicho ni kitu kingine cha kubeba. Ningekuwa wewe ningeitumia kwenye lile darasa kubwa pekee, na koo langu ningelipumzisha hapo.

Nikitaja jina, chukua kama mfano wa aina. Roland CUBE Street ndiyo sura ninayoiwaza nikisoma barua yako: spika mbili za inchi 6.5, wati 5 kwa jumla, betri sita za AA, njia ya gitaa na njia ya maikrofoni mbalimbali, uzito kilo 5 na kidogo, na umbo la kuegemea nyuma ili sauti ipande juu. Imetengenezwa kwa wapigaji wa barabarani, watu ambao kama wewe hawana soketi na hawana chumba. Roland Micro Cube GX ni nyepesi zaidi, kilo 2.7, wati 3, spika ya inchi 5, betri sita pia; hii inawafaa zaidi wale watoto wa klabu na gitaa la umeme. Juu kabisa zipo kama Fishman Loudbox Mini Charge, wati 60 na betri ya kuchaji, sauti safi kabisa, ila ni karibu kilo 10, na kilo 10 tumeshazizungumza.

Kwa kifupi cha swali lako: wati 5 safi, spika isiyopungua inchi 5, betri. Ukipata wati 10 au 20 za betri zenye spika nzuri na uzito usiokuvunja bega, chukua, lakini si kwa sababu ya namba.

Usilipe kabla hujaijaribu kwa gitaa lako mwenyewe. Nenda na mtu, asimame mbali kama urefu wa darasa lako, ampe mgongo muuzaji akusikilize wewe. Zungusha volyumu theluthi mbili, piga kodi kamili kwa nguvu. Ikikoroma hapo, ni ndogo kwako, iache. Kisha piga polepole huku ukiongea kama unavyoongea darasani. Ukijikuta unapaza sauti, volyumu imezidi.

Betri. Sita za AA za kutupa zinatoa volti 9, sita za kuchajiwa zinatoa 7.2. Amplifaya nyingi zinazikubali za kuchajiwa, lakini soma kijitabu kwanza. Nunua seti mbili, moja iwe kwenye chaja wakati nyingine inafundisha. Shule ikifunga toa betri zote. Zikivuja ndani wakati wa likizo zinakula vyuma vya kugusia, na nimeona mashine nzima imekufa kwa uzembe huo. Kama una adapta ya ukutani, ibandike jina. Plagi zake zinafanana zote kwa macho, lakini kuna zenye hasi katikati na zenye chanya katikati, na ukikosea unaweza kuunguza kilicho ndani. Yenye betri ya kujengewa ndani ni raha kwa miaka ya mwanzo, ila muulize muuzaji kama betri ikichoka inabadilishika. Akitazama pembeni, umeshajibiwa.

Ukishainunua, usiiweke sakafuni. Hapo itaimbia magoti ya mstari wa mbele. Iinue juu ya meza au kiti, usawa wa masikio ya watoto walioketi, ielekee dawati la mwisho. Isikae nyuma yako. Sauti ikitoka kwenye spika ikaingia kwenye lile tundu la duara la gitaa, ubao unatikisika, piezo inasikia, inairudisha kwenye spika, na mduara huo unazaa mvumo unaokua hadi kila mtu anaziba masikio. Simama ubavuni mwa amplifaya, na mvumo ukianza punguza besi kwanza. Kipande cha kadibodi kilichokatwa kuziba tundu hilo la duara kinasaidia kuliko kinavyoonekana.

Na kuna jambo moja muuzaji hawezi kukuambia. Watoto 42 wakiimba kwa mapafu yao yote watalifunika gitaa lako, uwe na wati 5 au 50, nawe usishindane nao. Mwaka 1911 daktari wa Kifaransa Étienne Lombard alieleza jinsi mtu anavyopaza sauti bila kujijua kelele zikimzunguka. Ukiongeza volyumu, wao wataongeza. Wakiongeza, wewe utaongeza. Amplifaya yako ni ya dakika ile kabla hawajaanza: wasikie noti ya kuanzia, wasikie mwendo, wote, hadi yule wa kona ya mwisho. Baadaye wagawe, nusu waimbe na nusu wasikilize gitaa, kisha wabadilishane. Wakipotea, usipandishe kitu. Zima. Gitaa lililokatika ghafla linanyamazisha darasa haraka kuliko rula mezani.

Klabu sasa, nayo haihitaji ombi la pili kwa mwalimu mkuu kama mtakubaliana na wazazi au wenyewe mkachanga. Kuna vikuzaji vidogo vya hedifoni vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la gitaa la umeme, kama Vox amPlug, vinatumia betri mbili za AAA. Mtoto anavaa hedifoni, anarudia kosa lake mara hamsini, na hakuna anayeumia. Kigawio cha waya kinawaruhusu wawili kusikiliza gitaa moja, mmoja anapiga na mwenzake anamsahihisha. Volyumu uipange wewe. Kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa watoto wanaosikiliza kwa vifaa vya masikioni ni desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama unapungua nusu. Huna mashine ya kupimia, basi tumia hii: mtoto akiwa na hedifoni, mwite jina kwa sauti ya kawaida ukiwa hatua moja. Asipogeuka, punguza. Na siku mtakapopewa gitaa la besi, lisichomekwe kwenye amplifaya hii hata kwa dakika moja ya kuonyeshana. Uzi wake mnene ni hezi 41, nusu ya ule wa gitaa la kawaida, na spika ndogo ikilazimishwa kushuka huko inaweza kupasuka.

Amebaki jirani wa hisabati. Kinachompata yeye ni besi, maana sauti nyembamba zinakufa ukutani na nene zinapita. Usiiegemeze amplifaya kwenye ukuta wake wala kuiweka kwenye kona, kwa kuwa kuta na kona zinainenepesha besi. Iweke upande wa pili wa chumba, ielekee mbali naye, chini yake tandika kitambaa kilichokunjwa au kipande cha sponji ili meza isigeuke ngoma, na kitufe cha besi kirudishe nyuma ya katikati; kwa nailoni hutapungukiwa kitu. Halafu siku ya kwanza ya amplifaya, kabla ya vipindi, mwombe asimame darasani kwake wewe ukipiga, aseme lini inaanza kumkera. Hapo ndipo uweke ile nukta ya rangi ya kucha kwenye volyumu.